Aida Overton Walker: ni kweli alicheza mbele ya mfalme wa Uingereza? Nataka kumweka stejini

madamu_wa_mpakani (Busia)

Habari zenu wote. Nafundisha sekondari hapa Busia upande wetu wa Uganda na kikundi cha drama kiko mikononi mwangu. Mwaka huu sitaki tena ile michezo ya mama wa kambo na mganga wa kienyeji, mimi nimechoka nayo na watoto wamechoka zaidi. Sasa msichana mmoja wa S3 amekuja na jina, Aida Overton Walker, ati mwigizaji mweusi wa Marekani wa zamani sana, aliona picha yake kwenye simu, mwanamke amesimama kifua mbele ameshika pindo la gauni, na tangu hapo hawa wasichana hawaongei kitu kingine.

Ninachojua mimi ni kidogo tu, kwamba mwaka 1903 alicheza kwenye jumba la mfalme London. Naomba mnisaidie, hiyo habari ya mfalme ni kweli ama ni stori za mitandaoni? Alikuwa nani kabla ya hapo na aliishia wapi? Na ile dansi yao ya keki, kekiwoki, inachezwaje kwa mwili, maana video nyingi nazoona ni watu wanafanya vichekesho na mimi sitaki watoto wangu wamchekeshe mtu.

Jambo lingine, kuna wazazi wameanza kusema msichana akipanda steji anaharibika. Huyu mama na yeye aliambiwa hivyo siku zake? Tuna dakika 40 jukwaani, si zaidi.

mzee_wa_jukwaa (Kampala)

Madamu, umefanya vizuri kuwasikiliza hao watoto. Ni kweli kabisa, na siku yenyewe inajulikana: 23 Juni 1903, kwenye nyasi za Buckingham Palace. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu wa mfalme, mtoto Edward, anatimiza miaka 9, huyo ndiye baadaye alikuja kuwa Edward VIII. Babu yake ni Edward VII, na huyo ndiye Ziwa Edward letu lilipewa jina lake alipokuwa bado mwana wa mfalme. Tena mwaka mmoja tu kabla, 1902, Katikiro (waziri mkuu wa Buganda) Apolo Kagwa na Ham Mukasa walisafiri kutoka Mengo mpaka London kwa kutawazwa kwa mfalme huyo huyo, na Ham Mukasa aliandika kitabu kizima juu ya yale waliyoona. Wanafunzi wako wakitaka kujua London ya siku zile ilionekanaje kwa macho ya mtu mweusi, waanzie hapo, Mganda mwenzetu ameshawaandikia.

Sasa maisha yake. Alizaliwa 1880 akiitwa Ada Overton, hilo Aida alilichukua baadaye akiwa tayari na jina mjini. Alikulia New York. Akiwa bado msichana mdogo aliingia kwenye kundi la Black Patti's Troubadours, kundi la mwimbaji mkubwa Sissieretta Jones ambaye magazeti yalimwita Black Patti, na hapo ndipo alipojifunza kazi, kusafiri, kulala popote, kuimba jioni na kupanda treni usiku. Halafu ikatokea kampuni ya tumbaku inataka picha za tangazo, wakaitwa vijana wawili waliokuwa wanapanda chati, George Walker na Bert Williams, na wasichana wawili wa kupiga nao picha, mmoja wao Ada. Kutoka kwenye tangazo la sigara akaingia kwenye kampuni yao, na mwaka 1899 akaolewa na George.

Hao wanaume wawili lazima uwaelewe ndio umwelewe yeye. Bert alizaliwa Bahamas, mtu mpole, mweupe kidogo wa rangi, akajipaka masizi usoni ili awe yule mweusi mzembe ambaye wazungu walilipa kumcheka. George hakujipaka, yeye alikuwa mtanashati, suti kali, fimbo, viatu vinang'aa, na ndiye aliyekuwa na kichwa cha biashara. Aida aliongeza kitu ambacho hao wawili hawakuwa nacho, aliongeza dansi iliyopangwa. Yeye ndiye alikuwa anapanga miguu ya kampuni nzima, anafundisha safu ya wasichana, anasimamia mazoezi. Watu wanamwita mke wa Walker, mimi namwita fundi.

Shoo iliyowapeleka London ni In Dahomey. Maneno ya mchezo aliandika Jesse Shipp, mashairi ya nyimbo Paul Laurence Dunbar, muziki Will Marion Cook, wote weusi. Ilifunguliwa Broadway, New York Theatre, 18 Februari 1903, na ndio mara ya kwanza mchezo mzima wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na weusi kuingia kwenye jumba kubwa la pale. Na siku hiyo hiyo mtu mweusi akinunua tiketi alipandishwa juu kabisa kwenye viti vya ghorofa, chini wanakaa wazungu. Mwezi wa 5 wakavuka bahari, wakafungua Shaftesbury Theatre tarehe 16, na London wakacheza zaidi ya mara 250 wakati New York walipata 53 tu. Linganisha hizo namba mbili, zinakuambia mengi.

Ndani yake Aida alikuwa Rosetta Lightfoot, binti mtundu, na wimbo wake mmoja ulikuwa wa msichana anayesema anataka kuwa mwigizaji. Yaani ule wimbo umekaa kama umeandikiwa hao wazazi wako.

Ila nikushauri jambo moja. Usifanye mfalme awe kilele. Kila mtu anasimama hapo Buckingham Palace kwa sababu ina picha nzuri, lakini kazi yake nzito ilikuja baadaye, mwaka 1909. Nitarudi jioni nieleze, sasa hivi stima inayumba.

msomaji_arua (Arua)

Mzee namheshimu sana lakini hii habari tusiipitishe kwa makofi tu. Mimi nilitafuta hadithi yenyewe ya In Dahomey na iliniuma. Ni matapeli wawili wa Boston, kuna kasanduku ka fedha kamepotea, na kuna chama kinataka kuhamisha weusi wa Marekani kuwapeleka Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, waanze maisha mapya. Afrika mle ndani ni mahali pa kukimbilia na pa kuchekea. Kuna kwaya ya machifu wa Dahomey, kuna wimbo wa malkia wa Dahomey.

Na wakati wao wanacheka, Dahomey yenyewe ilikuwa wapi? Mfalme Behanzin alijisalimisha kwa Wafaransa Januari 1894, wakampeleka Martinique, mbali kabisa na kwao. Miaka 9 baadaye nchi yake ni mchezo wa kuchekesha London. Sisi huku tunajua maana ya kufanywa maonyesho, kwa hiyo mimi namuuliza madamu, utawafundisha nini watoto, kwamba ni ushindi kuchezea mfalme ambaye watu wake wakati huo huo walikuwa wanagawana Afrika, na sisi tukiwemo?

Simchukii huyo mama. Nauliza tu, maana nikiwa mzazi ningeuliza.

ngoma_jinja (Jinja)

Mimi niachieni dansi, ndio kazi yangu.

Madamu, kekiwoki ilianza kwenye mashamba ya watumwa huko kusini mwa Marekani. Watumwa walikuwa wanawaona mabwana zao kwenye dansi zao za adabu, wanawake wamejifunga kiuno wanatembea kama wamemeza fimbo, wanaume wanainamia huku na huku, basi wao wakirudi kwao wanaiga ule mwendo kwa kuuzidisha. Mabwana nao wakaipenda bila kuelewa kwamba wao ndio wanaochekwa, wakaanza kutoa keki kwa jozi itakayoshinda. Baada ya utumwa kuisha wazungu wakaichukua stejini wakajipaka masizi wakawaiga weusi wanaowaiga wazungu. Halafu ndio wanakuja Aida na George wanaichukua tena, wanaisafisha. Ukiwaeleza watoto hiyo safari yote hawatacheza kwa mzaha, nakuhakikishia, mwili wenyewe utabadilika.

Mwili sasa. Shida utakayopata na watoto wetu ni kiuno. Mtoto aliyezoea bakisimba, ngoma ya Baganda, kiuno ndicho kinaongea na kifua kimetulia. Kekiwoki ni kinyume, kiuno kimya, mgongo unapinda nyuma kidogo, kifua kinaenda mbele, kidevu juu. Goti linapanda juu mbele, ncha ya kiatu inaangalia chini, na mguu ukishuka ushuke taratibu bila kupiga kishindo. Muziki ni wa kuhesabu 2, lakini mkazo unaangukia pale usipotegemea, kwa hiyo wapigishe makofi kwanza kabla hawajainuka, wakishaweza makofi ndio wasimame. Mwanamume anavua kofia kwa mkono mzima, sio vidole, anainama huku bado anatembea. Mwanamke anashika pindo la gauni upande mmoja, anaachia, anashika tena. Wakifika mwisho wa steji wanageuka pamoja bila kuangaliana miguuni.

Siri ya Aida ilikuwa ni kutokuwa na haraka. Waandishi wa siku zile wanarudia rudia wepesi wake na heshima yake, na ndio maana matajiri wa New York na London walimwita majumbani kwao awafundishe, na akawafundisha kweli, wakamlipa. Fikiria hiyo, matajiri wazungu wanamlipa binti mweusi awafundishe dansi iliyoanza kwa kuwacheka mabwana wazungu.

Kuna kisa kingine kidogo ukipenda kukitumia. Mwaka 1898 George na Bert walivaa vizuri wakaenda mpaka nyumbani kwa tajiri William K. Vanderbilt wakaacha barua ya kumwita kwenye mashindano ya kekiwoki, dau dola 50. Kwa steji hiyo ni dakika 2 na watu watafurahi.

mnubi_bombo (Bombo)

Madamu umeuliza juu ya wazazi na hakuna aliyekujibu vizuri.

Ndio, aliambiwa hayo hayo, na alijibu kwa maandishi. Mwaka 1905 aliandika makala kwenye Colored American Magazine juu ya wanaume na wanawake weusi stejini. Anasema kwamba kwenye vita dhidi ya ubaguzi wa rangi kazi yao imefanya zaidi ya kazi nyingine yoyote ya weusi, kwa sababu wao wanakutana na wazungu ambao wengine hawatakutana nao maisha yao yote. Na juu ya wasichana hakuzunguka, anasema steji haimharibu msichana mwenye tabia nzuri, na familia nzuri zisiwazuie watoto wao wenye kipaji bali ziwasaidie. Wakati huo hata kanisani mwigizaji mwanamke alikuwa anaangaliwa kwa jicho baya, na mwanamke mweusi mara mbili.

Tena hakuishia kuandika. Alichangisha pesa kwa kucheza, moja ya mahali alipopasaidia ni White Rose, nyumba iliyokuwa New York ya kuwapokea wasichana weusi wanaoshuka mjini kutafuta kazi ili wasinaswe na watu wabaya pale kituoni. Huyo ndiye mtu wanayesema steji inamharibu?

Mimi nina binti, na mwanzoni nilikuwa upande wa hao wazazi wako. Kilichonibadilisha ni kwenda kuona mazoezi. Waalike waje waketi nyuma wakati mnafanya kazi, waone jasho, waone mtoto anarudia sentensi moja mpaka inakaa, waone unavyowarudisha nyumbani kabla giza halijaingia. Na wakumbushe marehemu Profesa Rose Mbowa, alifundisha Makerere na alipanda steji mwenyewe, nani katika Uganda hii atasema yule mama aliharibika?

mzee_wa_jukwaa (Kampala)

Nimerudi. Arua, ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Nakuongezea hata kuni kwenye moto wako. Mwaka 1894 kulikuwa na maonyesho makubwa San Francisco na waandaaji waliahidi watu kijiji cha Wadahomey wa kweli. Wadahomey wakachelewa kufika. Basi wakaajiriwa weusi wa pale pale wavae ngozi wajifanye Waafrika mpaka wenyewe wafike, na kati ya hao walioajiriwa ni nani, ni Bert na George, vijana hawana senti. Wenyewe wakafika, hao wawili wakafukuzwa kazi, lakini wakabaki wanaenda kuwaangalia. George aliandika baadaye kwamba kuwaona Waafrika wale, ngoma zao na nyimbo zao, ndiko kulikowafanya waseme siku moja tutaweka Afrika kwenye shoo yetu badala ya zile takataka za masizi. Kwa hiyo In Dahomey ina mzizi pale. Waliipata Afrika kwa mlango wa aibu, na ndiyo, shoo ya kwanza bado ina aibu ndani.

Lakini angalia ya pili. Abyssinia, yaani Uhabeshi, Februari 1906, miaka 10 baada ya Mfalme Menelik wa huko kuwapiga Waitalia Adwa. Safari hii Wamarekani ndio washamba, wanatoka Kansas na pesa za bahati nasibu, wanaingia kwa mfalme mwenye sheria na jeshi na mahakama, na ni wao wanaotetemeka. Anayechekwa si Mhabeshi tena. Ni hatua kubwa kwa miaka 3, na walifanya hivyo mbele ya watazamaji wazungu waliolipa pesa zao, kwenye Majestic Theatre. Mwambie mwanafunzi acheze hizo Afrika mbili moja baada ya nyingine, hapo swali la Arua litakuwa ndani ya mchezo wenyewe na watazamaji wataamua.

Na kuna kitu alichokisema Aida wakati huo ambacho mimi sikisahau. Kwamba kuna mambo elfu kumi wanayolazimika kuyafikiria kila wanapopiga hatua moja stejini, na alitoa mfano wa mapenzi: wazungu hawakuvumilia kuona weusi wawili wakipendana kwa dhati jukwaani, ilikuwa lazima iwe vichekesho. Mke na mume, wanafanya kazi steji moja kila usiku, na hawaruhusiwi kupendana mbele ya watu.

Sasa njoo 1909. Shoo ni Bandanna Land, imeanza Februari 1908 na inajaza watu. George ana wimbo mmoja unaoitwa Bon Bon Buddy, ndio wimbo wake, anatoka amevaa kama kijana wa mjini, watu wanasimama. Halafu katikati ya safari za mikoani anaanza kusahau maneno. Ulimi unakuwa mzito. Ilikuwa kaswende, ugonjwa ule ule ambao hospitali ya Mulago hapa Kampala ilianzishwa 1913 kuutibu, na siku hizo hakukuwa na dawa ya kuutegemea. Mapema 1909 George anashuka stejini asirudi tena.

Kampuni nzima inakula kupitia ule wimbo. Aida anavaa suti ya mume wake, kofia yake, anashika fimbo, anatoka kuimba Bon Bon Buddy. Si kwa usiku mmoja wa dharura, aliendelea nayo. Na haikuwa kumwiga mwanamume ili watu wacheke, alisimama kama George anavyosimama na akacheza kama George anavyocheza mpaka shoo ikaendelea kuuza. George alikufa Januari 1911.

Madamu, hiyo ndiyo dakika yako ya 30. Mwanamke yuko peke yake kwenye chumba cha kuvalia, suti iko kwenye kiti, nje bendi imeshaanza. Usimwekee hotuba. Mwache afunge vifungo, na ukumbuke vifungo vya koti la kiume viko upande mwingine na vile vya gauni alivyozoea, kwa hiyo vidole vitakwama kidogo. Acha vikwame.

msomaji_arua (Arua)

Hiyo ya Abyssinia kuja baada ya Adwa inanitosha kwa sasa. Bado nasema ile kwaya ya machifu ichezwe na uzito, na kabla yake mtu asome jina la Behanzin na mahali alipopelekwa. Sentensi moja tu. Watoto wa Uganda wanaocheza shoo ya weusi wa Marekani kuhusu Afrika, wao ndio wanaweza kumrudisha Behanzin mle ndani.

madamu_wa_mpakani (Busia)

Banange, nimesoma yote mara mbili na nimewasomea wasichana darasani, walikaa kimya, na darasa langu halikai kimya.

Arua, Behanzin anaingia. Tayari kuna mvulana ameomba asome hiyo sentensi. Bombo, nitawaalika wazazi kwenye mazoezi, mwenyewe nilikuwa nafikiria kuwaita ofisini kwa hedimasta na sasa naona ingekuwa kama kuwashtaki.

Naomba mawili tu. Kwanza, mvulana atakayekuwa Bert ameuliza kama ajipake masizi kama Bert alivyofanya. Mimi moyo unakataa lakini sina maneno ya kumweleza. Pili, baada ya George kufa yeye aliishi vipi, maana kwa hesabu zangu alikuwa na miaka 30 tu.

mzee_wa_jukwaa (Kampala)

Asijipake. Weka sahani yenye kizibo cha chupa kilichochomwa juu ya meza, ndicho walichokuwa wanatumia, wanasaga mkaa wake na mafuta kidogo. Bert akae mbele ya kioo, achukue kidogo kwenye vidole, apake kiganja chake mwenyewe, aangalie kile kiganja, halafu ainuke atoke na uso wake. Mvulana mwerevu ataelewa akishafanya mara moja. Bert mwenyewe mwaka 1910 alienda Ziegfeld Follies, shoo kubwa ya New York, mweusi peke yake kati ya wazungu, na masizi yale alitembea nayo karibu maisha yake yote ya kazi.

Aida hakupumzika. Aliingia kundi la Smart Set, akacheza His Honor the Barber, na humo akaimba tena akiwa na nguo za kiume, wimbo unaoitwa That's Why They Call Me Shine. Huo wimbo ukaishi kuliko wote, Louis Armstrong aliurekodi 1931, wengi wameusikia bila kujua aliyeutangulia stejini ni mwanamke.

Halafu kuna Salome. Mwaka 1908 kila mwanamke wa steji Marekani alikuwa anacheza Salome, ile ya binti aliyeomba kichwa cha Yohana Mbatizaji, na wengi waliifanya iwe biashara ya kuvua nguo. Aida aliiweka ndani ya Bandanna Land akiwa amejisitiri kuliko wenzake, dansi ya kweli, ya kuigiza kwa mikono na shingo. Ilikuwa hatari kwake kuliko kwa wazungu, maana mwanamke mweusi akigusa kitu kama hicho tayari watu wana maneno mdomoni. Mwaka 1912 akairudia Hammerstein's Victoria, jumba kubwa la New York, na safari hii bila Bert wala George, jina lake peke yake kwenye bango. Kwa sekondari usiicheze, lakini itajwe.

Miaka ya mwisho alikuwa analea makundi ya wasichana wacheza dansi, anawafundisha, anawatafutia kazi. Figo ndizo zilimuua. Alikufa nyumbani kwake New York 11 Oktoba 1914, miaka 34.

ngoma_jinja (Jinja)

Jambo la muziki, madamu, kabla sijasahau. Noti za In Dahomey zilichapishwa London mwaka ule ule 1903 na zimeshapita muda wa haki miliki, Cook mwenyewe alikufa 1944, kwa hiyo hakuna wa kukudai. Zinapatikana mtandaoni bure ukitafuta jina la Will Marion Cook. Chukua Swing Along, ni kwaya, sauti 4, kama shule yako ina kwaya ya kanisa wataiweza kwa wiki chache. Kama hamna piano tumia kinanda cha kanisa au hata gitaa na ngoma moja ndogo, ila ngoma isizidi, ikizidi watoto watarudi kwenye kiuno.

mnubi_bombo (Bombo)

Na mavazi msinunue. Soko lolote la mitumba lina makoti ya wazee ambayo hakuna kijana anayataka, chagueni yenye mabega ya kukaa vizuri. La Aida wa 1909 lisikatwe kumtosha msichana. Liwe kubwa kidogo kwake, lilikuwa la mtu mwingine.

madamu_wa_mpakani (Busia)

Kale, nimeandika yote. Mpangilio ni huu: tangazo la tumbaku, New York na wale waliopandishwa ghorofani, Behanzin, nyasi za mfalme zipite haraka, Abyssinia, koti. Salome na Hammerstein's atasema msichana mmoja akiwa amesimama mbele ya pazia, na Bert anakaa na kizibo chake upande wa kushoto mchezo mzima. Koti nimeshalipata kwa jirani, la kijivu, vifungo 3, mikono mirefu. Jinja, msichana wangu anayecheza Aida anainua goti vizuri ila kidevu kinashuka kila akihesabu, nitakutumia video kesho baada ya masomo uniambie nimrekebishe wapi.